Mrija wa pumzi kwa mtoto mchanga: Mwalimu naye sharti aone

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa baada ya kutimiza miezi yao, takriban 85 huanza kupumua wenyewe kabla ya nusu dakika kupita. Wengine 10 hupumua pindi wanapokaushwa na kusuguliwa mgongo. Watatu hivi huhitaji kusukumiwa hewa kwa mfuko na barakoa, na wawili hivi hutiwa mrija kooni ili hewa ifike mapafuni. Hayo ndiyo makadirio ya wataalamu wa kimataifa wa kuwahuisha vichanga. Wawili katika 100 waweza kuonekana wachache, lakini katika taifa ambalo watoto zaidi ya milioni moja huzaliwa kila mwaka, hao si wachache hata kidogo.

Hapa Kenya suala hili lina uzito wa aina yake. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya, maarufu kama KDHS, ulionyesha mwaka wa 2014 kwamba watoto 52 katika kila 1,000 waliozaliwa hai walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Kufikia utafiti wa 2022, idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 41. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Lakini tukitazama vifo vya siku 28 za kwanza za maisha, twaona kwamba idadi ilitoka 22 hadi 21 tu. Mtoto aliyekwisha kuvuka mwezi wa kwanza amepata nafuu kubwa, ilhali kichanga amebaki karibu pale pale alipokuwa. Na katika mambo matatu makuu yanayowaua vichanga, yaani kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa na maambukizi, mawili ya kwanza yanahusu pumzi moja kwa moja.

Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa isimu ana lipi la kusema kuhusu mirija ya hospitali? Sina nia ya kuwafundisha madaktari kazi yao. Hata hivyo, nina sababu mbili za kuishika kalamu. Mosi, lango ambalo mrija huo hupitia ni lile lile ninalolifundisha kila mwaka katika somo la fonetiki, kwani ni lango la nyuzi za sauti. Pili, madaktari wamekuwa wakizilinganisha mbinu za kutia mrija kwa miaka mingi, na katika ulinganishi huo kumejitokeza jambo ambalo kimsingi si la udaktari bali la ufundishaji. Jambo hilo linatuhusu sote tunaosimama mbele ya ubao na sote tunaoketi mbele yake.

Tuanze na lango lenyewe. Mwanafunzi anayesoma ala za matamshi hujua kwamba hewa kutoka mapafuni hupanda kupitia koo la hewa, ikafika kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti, na humo ikapita kati ya nyuzi mbili. Nyuzi zikitetema, twapata sauti ghuna kama /b/ na /z/. Zisipotetema, twapata sauti sighuna kama /p/ na /s/. Juu ya zoloto pana kifuniko kiitwacho epiglota, ambacho husaidia kuzuia chakula kisiingie njia ya hewa. Nyuma ya zoloto pana njia nyingine, umio, iendayo tumboni. Njia hizo mbili zimepakana sana, na kupakana huko ndiko chanzo cha matatizo mengi ya kutia mrija.

Kwa mtoto mchanga, mambo ni magumu zaidi. Ulimi wake ni mkubwa ukilinganishwa na kinywa. Epiglota yake ni ndefu na laini, nayo hulegea na kuficha njia. Zoloto lake liko juu sana shingoni, karibu na pingili ya tatu au ya nne, na hushuka polepole kadiri anavyokua. Sisi wanaisimu huutaja ushuko huo tunapojadili jinsi binadamu alivyopata uwezo wa kutamka sauti nyingi. Zoloto lililo juu humfaa kichanga anyonye huku akipumua, lakini humtatiza anayetaka kuliona. Fauka ya hayo, koo la hewa la mtoto aliyetimiza miezi lina urefu wa takriban sentimita 4 tu. Kwa aliyezaliwa kabla ya wakati, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita njiti, ni fupi zaidi. Mrija ukizama sentimita moja kupita kiasi, huweza kuingia katika pafu moja, aghalabu la kulia, na kuliacha jingine bila hewa. Ukirudi nyuma kidogo, huchomoka.

Kwa sababu hiyo, vipimo hushikwa kwa makini. Mtoto asiyefikisha kilo 1 hutiwa mrija wenye upana wa ndani wa milimita 2.5. Wa kati ya kilo 1 na 2 hutiwa wa milimita 3, na aliyezidi kilo 2 hutiwa wa milimita 3.5. Kuhusu kina, ipo kanuni ya miaka mingi ambayo hata mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kuikokotoa: chukua uzito wa mtoto kwa kilo, ongeza 6, nawe utapata sentimita za kupima kutoka mdomoni. Wa kilo 1 ni sentimita 7, wa kilo 2 ni 8, wa kilo 3 ni 9. Kwa wale wadogo mno kanuni hiyo huzidisha kina, ndiyo maana siku hizi hutumiwa pia majedwali ya umri wa mimba.

Je, mrija huo hupitishwaje? Mbinu ni kadhaa, na kila moja ina historia yake.

Mbinu kongwe ni ya kupapasa. Anayetia mrija huingiza kidole kinywani, akaitafuta epiglota kwa mguso, kisha akauelekeza mrija kwa kidole hicho hicho. Daktari Joseph O'Dwyer wa New York aliitia mirija kwa njia ya mguso katika miaka ya 1880 kuwaokoa watoto walioziba koo kwa ugonjwa wa dondakoo. Mbinu hiyo yahitaji mkono wenye uzoefu mkubwa, kwani jicho halisaidii lolote.

Aliyetufungulia njia ya kuliona zoloto hakuwa daktari. Alikuwa Manuel García, Mhispania aliyekuwa mwalimu wa uimbaji. Mwaka wa 1854 alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno, kioo cha mkononi na mwanga wa jua, akazitazama nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifunguka na kufungika. Mwaka uliofuata, ripoti yake iliwasilishwa mbele ya chama cha kisayansi cha Royal Society mjini London. Ni jambo la kutia moyo kwa walimu kwamba uvumbuzi ambao leo ni msingi wa elimu ya koo ulitokana na mwalimu aliyetaka kujua kile anachowafundisha wanafunzi wake.

Mnamo 1895, Alfred Kirstein wa Berlin aliacha kioo na kutazama zoloto moja kwa moja kwa kutumia chombo kilichoinua ulimi. Chombo cha aina hiyo huitwa laringoskopu. Mwaka wa 1941 daktari Mmarekani Robert Miller alieleza bapa lililonyooka, na mwaka wa 1943 Robert Macintosh wa Oxford akaeleza bapa lililopinda. Kwa watoto wachanga, bapa lililonyooka ndilo hupendelewa hadi leo, maadamu huweza kuinua ile epiglota iliyolegea.

Katika mbinu hii ya kutazama moja kwa moja, daktari hushika laringoskopu kwa mkono wa kushoto, akausukuma ulimi kando, akaliinua bapa juu na mbele bila kulibetua dhidi ya ufizi. Nyuzi za sauti zinapoonekana, huupenyeza mrija kati yake kwa mkono wa kulia. Haya yote sharti yakamilike katika muda wa sekunde 30. Yasipokamilika, huacha, akamsukumia mtoto hewa kwa barakoa, kisha akajaribu tena. Kila jaribio lisilofaulu lina gharama: oksijeni hushuka, moyo hupunguza mapigo, na tishu laini huumia. Ndiyo maana, pale ambapo hakuna dharura, wataalamu hupendekeza mtoto apewe kwanza dawa za kutuliza maumivu na za kulegeza misuli. Mrija ukishaingia, hapana budi kuhakikisha kwamba umeingia koo la hewa wala si umio. Kifaa kidogo kinachobadilika rangi kinapokutana na kaboni dayoksaidi hutoa ushahidi wa haraka.

Swali la kwanza walilolinganisha wataalamu ni njia: mrija upitie mdomoni au puani? Wapo wanaopenda pua kwa kuwa mrija hushikamana vyema, na wapo wanaopenda mdomo kwa kuwa kuupitisha ni rahisi. Mapitio ya utafiti yaliyochapishwa na shirika la Cochrane mwaka wa 1999 hayakuona tofauti kubwa ya madhara kati ya njia hizo mbili, isipokuwa kwamba jaribio la kwanza la kupitia puani lilielekea kushindwa zaidi. Kwa hivyo, wakati wa dharura, mdomo ndio hutumiwa kwa kawaida. Sioni haja ya kukaa zaidi hapo.

Swali la pili lina uzito zaidi: jicho tupu au kamera? Siku hizi zipo laringoskopu zenye kamera ndogo kwenye ncha ya bapa, ambayo hurusha picha ya koo kwenye skrini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2024, madaktari wa hospitali ya wazazi mjini Dublin, Ayalandi, waliwagawa vichanga kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Katika kundi la kamera, vichanga 79 kati ya 107 walitiwa mrija kwa mafanikio katika jaribio la kwanza, yaani asilimia 74. Katika kundi la jicho tupu, waliofaulu mara ya kwanza walikuwa 48 kati ya 107, yaani asilimia 45. Hiyo ni tofauti ambayo hakuna mtu wa haki awezaye kuipuuza.

Kwa haraka mtu angehitimisha kwamba kamera imeshinda, basi tununue kamera. Ningeomba msomaji asubiri kidogo, kwani upo utafiti mwingine unaotusaidia kuelewa ushindi huo una siri gani.

Mwaka wa 2006, watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya kutazama majaribio 60 ya kutia mrija katika chumba cha kuzalishia. Madaktari bingwa walifaulu katika asilimia 86 ya majaribio yao. Waliokuwa katika ngazi ya kati walifaulu katika asilimia 78. Madaktari wanafunzi walifaulu katika asilimia 24 tu. Koo zilikuwa za aina moja na vyombo vilikuwa vile vile. Kilichotofautiana ni uzoefu wa mkono na wa jicho. Na uzoefu huo unazidi kuwa adimu duniani kote, kwa sababu mbinu nyepesi kama kusukuma hewa puani kwa mfululizo zimewaepusha watoto wengi na mrija. Hiyo ni heri kwa watoto, lakini humpunguzia mwanafunzi nafasi za kujifunza.

Ndipo mwaka wa 2015, mjini Melbourne vile vile, ukachapishwa utafiti ambao kwangu mimi ndio kiini cha mada hii. Madaktari wanafunzi walipewa laringoskopu zenye umbo la kawaida lakini zilizotiwa kamera. Mwanafunzi alitazama kinywani mwa mtoto kwa jicho lake mwenyewe, kama ilivyo desturi. Kando yake alisimama mwalimu. Katika nusu moja ya matukio, mwalimu aliiona skrini. Katika nusu nyingine, skrini ilifunikwa, na mwalimu akaelekeza kwa maneno tu. Matukio 206 yalichanganuliwa. Pale mwalimu alipoona, mwanafunzi alifaulu katika asilimia 66. Pale mwalimu asipoona, mwanafunzi alifaulu katika asilimia 41.

Tafadhali yatafakari matokeo hayo. Chombo kilikuwa kimoja. Mwanafunzi hakuongezewa chochote machoni pake. Jambo pekee lililobadilika ni kwamba mwalimu aliona kile ambacho mwanafunzi wake alikiona. Badiliko hilo moja liliwaongezea wanafunzi ufanisi wa takriban robo nzima ya majaribio yote.

Kwa nini ikawa hivyo? Hapa isimu ina mchango. Mwalimu anapomwelekeza mwanafunzi katika kazi ya mikono, lugha yake hujaa viashiria. Kiswahili kimejaliwa utajiri mkubwa wa viashiria vya mahali, kama ajuavyo kila mwanafunzi aliyesoma ngeli ya PAKUMU. Tunasema hapa, hapo, pale kwa mahali mahususi. Tunasema huku, huko, kule kwa mahali pasipo bayana. Tunasema humu, humo, mle kwa ndani ya kitu. Lakini maneno haya yote yana sifa moja: hayana maana kamili mpaka msemaji na msikilizaji wawe wanakitazama kitu kimoja. Nikikwambia kwa simu, "Kiweke hapo," hutajua ni wapi.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa mwalimu asiyeiona skrini. Anachoweza kusema ni, "Sogeza mbele kidogo, tazama huko." Huko wapi? Mwanafunzi naye husema, "Nimeziona nyuzi," kumbe alichokiona ni mlango wa umio. Mwalimu hana njia ya kumrekebisha, kwa kuwa hajui mwanafunzi anaona nini. Mwalimu anayeona husema, "Hiyo ni epiglota, iinue. Sasa upitishe mrija humo kati." Kutoka "huko" hadi "humo" ni silabi moja tu, lakini kwa kichanga asiyepumua, ni umbali mrefu sana.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kwa heshima zote, methali hiyo haimfai mwanafunzi. Mwanafunzi ana macho, lakini hajajua bado ni kipi cha kutazamwa. Yeye ndiye hasa anayepaswa kuambiwa tazama, na anayemwambia sharti awe anaona pia.

Walimu wa sayansi katika shule zetu wanalielewa jambo hili vyema. Darasa lenye hadubini moja na wanafunzi 50 hupanga foleni kutazama seli za kitunguu. Kila mmoja huinama, akatazama kwa muda mfupi, akasema ameona. Mwalimu hawezi kujua ni nani aliyeona seli na ni nani aliyeona kiputo cha hewa akakichora daftarini kwa uangalifu mkubwa. Huo ndio ugumu ule ule wa Melbourne, ingawa gharama ya kosa ni tofauti.

Sasa nigeukie pingamizi ambayo najua inamsumbua msomaji makini. Je, ni busara kuzungumzia kamera katika nchi ambayo mashine za kupumulia watoto ni adimu katika hospitali nyingi za kaunti, na ambamo muuguzi mmoja aghalabu huwaangalia vichanga wengi kupita kiasi? Mrija bila mashine, bila oksijeni ya kutegemewa na bila muuguzi wa kuulinda waweza kuwa hatari badala ya msaada. Pingamizi hiyo ni ya haki, na jibu lake lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni kwamba tusianze na mrija. Tuanze na wale watatu katika 100 wanaohitaji mfuko na barakoa tu. Katika jambo hili, Afrika Mashariki imeufunza ulimwengu. Hospitali 8 nchini Tanzania zilitekeleza mpango wa mafunzo mepesi ya kuwahuisha vichanga, ambao unasisitiza dakika ya kwanza ya maisha, waliyoiita dakika ya dhahabu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2013 yalionyesha kwamba vifo vya mapema vya vichanga vilipungua kwa asilimia 47, na idadi ya watoto waliodhaniwa kuzaliwa wafu muda mfupi baada ya kufariki ilipungua kwa asilimia 24. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa mabingwa wenye kamera. Wengi walikuwa wakunga, wenye mfuko, barakoa na mwanasesere wa kufanyia mazoezi.

Nchini Uganda, wakunga wa hospitali ya Mulago, Kampala, walishiriki katika ulinganishi mwingine. Kipo kifaa kiitwacho barakoa ya zoloto, ambacho hupitishwa mdomoni na kukaa juu ya mlango wa hewa bila kuingia kati ya nyuzi za sauti. Hakihitaji laringoskopu, na wengi walitarajia kwamba kingeishinda barakoa ya uso. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2020 kuhusu vichanga zaidi ya 1,100 yalionyesha kwamba waliofariki mapema au kupata madhara makubwa ya ubongo walikuwa asilimia 27.4 kwa barakoa ya zoloto na asilimia 24.4 kwa barakoa ya uso, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na maana. Wakunga walikitumia kifaa hicho kwa usalama, lakini hakikuwa muujiza. Funzo la Mulago ni kwamba kifaa kipya si lazima kiwe bora kwa kuwa ni kipya, na kwamba watu wetu wana uwezo wa kulijibu swali hilo kwa utafiti wa hali ya juu hapa hapa nyumbani.

Sehemu ya pili ya jibu ni kwamba, hata tukianza na barakoa, wale wawili katika 100 hawatatoweka. Tena wapo njiti, ambao mahitaji yao ni makubwa zaidi. Hospitali zetu za rufaa huwatia mirija kila siku, na wanaoitia ni pamoja na wanafunzi na madaktari chipukizi. Ikiwa basi kamera itanunuliwa, isinunuliwe kama pambo la chumba cha bingwa ambaye hata bila kamera angefaulu. Iwekwe mahali wanapojifunza wachanga wa kazi hiyo, na skrini igeuzwe upande wa mwalimu. Kamera moja katika hospitali ya kufundishia yaweza kuwafaa madaktari ambao baadaye watatawanyika katika kaunti nyingi, na huko wakafanya kazi kwa jicho tupu lakini lililofunzwa.

Lipo jambo la tatu, ambalo ni la lugha moja kwa moja. Madaktari na wauguzi wetu hufunzwa kwa Kiingereza, lakini wadini huzungumza na wazazi kwa Kiswahili na lugha za mama. Mama huambiwa, "Mtoto amewekwa kwa mashine," naye hurudi kitandani akidhani kwamba hiyo ni hukumu. Angeambiwa kwamba mtoto ametiwa mrija mwembamba kooni, kwamba mrija huo unampelekea hewa mapafuni, na kwamba hawezi kulia kwa sauti kwa kuwa mrija umepita kati ya nyuzi zake za sauti, angeelewa. Angejua kwamba ule ukimya si dalili ya kifo. Maneno hayo yote yapo katika vitabu vyetu vya Kiswahili vya shule za upili: koo la hewa, umio, zoloto, nyuzi za sauti. Tumeyafungia katika mtihani, ilhali yanahitajika wadini.

Napendekeza basi mambo manne. Mosi, serikali za kaunti, ambazo zimebeba jukumu kubwa la afya tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, zihakikishe kwamba hakuna chumba cha kuzalishia kisicho na mfuko na barakoa ya kipimo cha kichanga, na mtu anayejua kuvitumia. Pili, mazoezi yawe mafupi na ya mara kwa mara, kwani ujuzi wa mikono husahaulika kama lugha isiyozungumzwa. Tatu, vyuo vya udaktari, vya uuguzi na vya utabibu vinapolinganisha mbinu za kutia mrija, visiulize tu ni chombo kipi kinachomwonyesha daktari vizuri zaidi. Viulize pia ni kipi kinachowawezesha mwalimu na mwanafunzi kuona pamoja. Nne, idara za Kiswahili za vyuo vikuu zikae na wauguzi na wakunga, ziandae maneno ya Kiswahili yaliyo wazi kwa ajili ya wodi na kwa ajili ya wazazi. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji meza moja, watu wachache na mchana mmoja kwa wiki.

Kwa wanafunzi wanaosoma makala haya, hasa walio na ndoto ya udaktari au uuguzi, nina neno moja. Mtakapoulizwa na mwalimu kama mmeona, msiseme ndiyo kwa sababu foleni ni ndefu. Elezeni mnachokiona, kwa majina yake. Na kwa walimu wenzangu, tusiridhike na jibu la "ndiyo" kutoka kwa darasa zima. Tutafute njia ya kukiona kile ambacho mwanafunzi anakiona, iwe kwa skrini, kwa mchoro wake, au kwa kumtaka asimulie kwa maneno yake mwenyewe. Mkono mmoja haulei mwana, na ushahidi wa Melbourne umetuonyesha kwamba hata jicho moja halimtoshi.